Kabla ya kubadili ekzosi ya gari linalobeba watoto

Baba anarudi kutoka gereji Jumamosi jioni, na kabla hajafika getini mtaa mzima umeshajua ni yeye. Gari ni ile IST ya kupeleka watoto shule, injini ya lita 1.5, ila sasa inanguruma kama ya mashindano. Fundi amemwambia imepata nguvu. Mama, aliyetoka kumbembeleza mtoto aliyeshtuka usingizini, ana maoni mengine.

Ukweli ni kwamba kilichoongezeka zaidi ni sauti. Kwa injini ndogo isiyo na tabo, kubadili bomba la nyuma huongeza nguvu kidogo sana, kiasi ambacho dereva wa kawaida hawezi kukitambua. Gari lenye tabo hunufaika zaidi. Tena bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hupungua kasi ndani yake na gari huwa zito kuondoka, hasa likiwa limejaa watu na kuna mlima mbele.

Hatari kubwa huanza pale fundi anaposhauri masega yatolewe "ili gari lipumue". Masega ndiyo yanayobadili gesi zenye sumu, ikiwemo kaboni monoksidi, kabla moshi haujatoka nje. Ndani yake kuna madini ya thamani kama platinamu na paladiamu, na si kila mwenye gari anayekumbuka kuuliza yake yamekwenda wapi.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Kiungio kilichochomelewa vibaya chini ya gari kinaweza kuiingiza ndani, huku vioo vimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, hivyo huathirika mapema. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, mambo ambayo mzazi hudhani ni uchovu wa safari. Mtoto akilalamika kichwa kila akipanda gari na kupata nafuu akishuka, gari hilo lisiendeshwe tena mpaka likaguliwe, na mtoto apelekwe hospitali.

Kuna wanaolazimika kubadili kwa sababu ekzosi ya zamani imeoza kwa kutu, na wakazi wa pwani wanalijua hilo vizuri. Hao wachague iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lao, yenye upana unaokaribiana na wa awali. Ya chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini hudumu. Masega na sensa ya oksijeni vibaki mahali pake. Taa ya injini ikiwaka baada ya kazi, fundi atafute chanzo, asiizime tu.

Kabla ya kulipa, gari liwashwe mahali pa wazi injini ikiwa baridi, na mwenyewe asikilize chini: mlio wa kupwita kwenye viungio ni moshi unaovuja. Siku chache baadaye achungulie tena kama kuna masizi meusi hapo. Mara nyingi chanzo ni gasketi ya zamani ambayo fundi aliirudisha kwa haraka ya kumaliza kazi.