Oicha: namna orodha ya wagonjwa inavyogeuka mti wa maambukizi

Tarehe 24 Agosti 2018, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitangaza kwamba Ebola imefika Oicha, makao makuu ya wilaya ya Beni. Mgonjwa mmoja alikuwa amethibitishwa na maabara, na mwingine alidhaniwa kuwa na ugonjwa huo. Mlipuko wenyewe ulikuwa umetangazwa tarehe 1 mwezi huo huo, baada ya wagonjwa kuonekana Mangina. Oicha, kwenye barabara ya taifa namba 4 kaskazini mwa mji wa Beni, ilikuwa karibu kuzungukwa na waasi wa ADF, na timu za afya zilihitaji kusindikizwa na watu wenye silaha ili kuifikia. Watu 97 waliandikwa kwamba walikutana na wagonjwa.

Tangu siku hiyo, kazi yote ilisimama juu ya swali moja: nani alimwambukiza nani? Jibu la swali hilo ndilo lililoamua mlango upi utabishwa kesho yake, nani atafuatiliwa kwa siku 21, na nani atapewa chanjo. Chanjo, iliyoanza kutolewa tarehe 8 Agosti 2018, haikupewa watu wote kwa mara moja. Pamoja na wahudumu wa afya, walipewa kwanza wale waliokutana na mgonjwa, kisha wale waliokutana na hao.

Tatizo ni kwamba orodha ndefu haionyeshi njia ya ugonjwa. Mtu akisoma mistari mia mbili kwenye kompyuta, anaona majina na tarehe tu. Ndiyo maana wataalamu wa magonjwa ya mlipuko hugeuza orodha hiyo kuwa mti: mgonjwa wa kwanza juu, wale aliowaambukiza chini yake, na matawi yakiendelea. OMS ina programu yake kwa kazi hiyo, Go.Data, ambayo ilitumika pia Kivu Kaskazini wakati wa mlipuko huo. Lakini kazi inayofanyika ndani yake si siri. Kijana yeyote anayejifunza kompyuta Beni au Butembo anaweza kuijaribu kwa faili ya kawaida ya maandishi.

Chukua mfano huu, ambao si wa wagonjwa wa kweli. Kila mstari una namba ya mgonjwa, namba ya aliyemwambukiza, siku dalili zilipoanza, na mahali:

A01, haijulikani, 3/8, Mangina
A02, A01, 12/8, Beni
A03, A02, 21/8, Oicha
A04, A02, 23/8, Oicha
A05, haijulikani, 26/8, Oicha

Programu husoma faili mstari kwa mstari na kukata kila mstari penye koma. Katika mzunguko wa kwanza inatengeneza kisanduku kimoja kwa kila mgonjwa. Katika mzunguko wa pili inaunganisha kila kisanduku na mzazi wake. Mizunguko ni miwili kwa sababu mara nyingi mtoto huandikwa kabla ya mzazi: mgonjwa anafika kituoni leo, na yule aliyemwambukiza anagunduliwa juma linalofuata.

Baada ya hapo, programu inaandika viungo kwa namna fupi, kama «A01 -> A02», na kuvipeleka kwa chombo cha kuchora. Kimojawapo ni Graphviz, kilichozaliwa katika maabara za kampuni ya AT&T huko Marekani. Hutolewa bure, na kikiisha kuwekwa kwenye kompyuta hakihitaji intaneti. Chenyewe kinapanga visanduku na kuvuta mishale.

Kwa nini namba, na si majina? Sababu ya kwanza ni siri ya mgonjwa: karatasi yenye jina ikipotea, familia nzima inaweza kunyoshewa kidole mtaani. Sababu ya pili wakaaji wa Oicha wanaijua vizuri. Kwa Wanande, majina mengi hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Kambale, Kasereka, Masika na Kahindo wako karibu kila nyumba. Programu inayounganisha watu kwa jina itamfunga Kahindo wa mtaa huu na mgonjwa wa Kahindo wa mtaa mwingine, na timu itabisha mlango usio wenyewe.

Programu nzuri pia inakagua. Dalili za Ebola huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi. Mstari ukionyesha mtoto aliyeanza kuugua kabla ya mzazi wake, kuna tarehe au namba iliyoandikwa vibaya. Hali ni hiyo hiyo ikiwa A03 ameambukizwa na A04, na A04 naye ameambukizwa na A03. Katika orodha kosa kama hilo linaweza kupita bila kuonekana. Kwenye mchoro linajitokeza.

Lakini kisanduku kigumu zaidi ni cha A05, kinachosimama peke yake bila mshale. Mwenye kuandika programu anaweza kushawishika kumfunga na A04, kwa kuwa wote ni wa Oicha na siku zinakaribiana. Akifanya hivyo, mchoro utapendeza, na mtu halisi aliyemwambukiza A05 hatatafutwa tena. Afadhali kisanduku hicho kibaki peke yake, kwa rangi nyekundu. Katika mlipuko wa 2018 visanduku vya namna hiyo vilikuwa vingi: wagonjwa wengi wapya hawakuwa kwenye orodha ya wanaofuatiliwa. Mashambulizi yalizuia timu kutembea, watu walikimbia kutoka kijiji kimoja hadi kingine, na wengine hawakuwaamini waliokuja kuwauliza maswali.

Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Mti wake haukuishia hapo. Februari 2021 Ebola ilirudi upande wa Butembo, na Oktoba mwaka huo ikaonekana Beni. Uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha mara zote mbili kwamba ugonjwa ulitokana na mlipuko wa 2018–2020, maana virusi vinaweza kubaki muda mrefu mwilini mwa mtu aliyepona. Matawi hayo mapya yaliota kwenye shina la zamani, na ni faili zilizotunzwa vizuri zinazosaidia kuonyesha yalipoanzia.