Helmeti ya Mwanamashindano na Kichwa cha Mwendesha Baiskeli wa Kila Siku

Katika mijadala ya usalama barabarani, hoja inayotolewa mara kwa mara ili kuwashawishi waendesha baiskeli wa kawaida wavae helmeti, yaani kofia ngumu ya kukinga kichwa, ni kwamba hata mabingwa wa mbio za baiskeli, wenye ustadi mkubwa wa kumudu usukani na breki, hawaanzi shindano bila kuivaa, na kwa hiyo mtu anayekwenda sokoni, shambani au kazini hana udhuru wa kukiacha kichwa chake wazi. Hoja hii ina mvuto kwa kuwa imejengwa juu ya jambo la kweli, lakini inawachanganya watu wawili ambao, ingawa wote hukanyaga pedali, wanafanya kazi tofauti katika mazingira tofauti. Helmeti ikitetewa kwa sababu isiyo sahihi, hata sababu zilizo sahihi, ambazo zipo na ni nzito, hupungua nguvu mbele ya mtu mwenye kupima mambo.

Ieleweke kwanza kwamba wanamashindano wenyewe hawakuipokea helmeti kwa hiari. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 walishindana wakiwa na kofia za kitambaa, au wakiwa wamefunga kichwani mikanda ya ngozi yenye vijazo laini ndani, ambayo iliweza kupunguza michubuko lakini haikuweza kupokea pigo kubwa. Mwaka 1991, UCI, ambacho ndicho chombo cha kimataifa kinachosimamia mchezo wa baiskeli, kilipojaribu kuifanya helmeti kuwa ya lazima, waendeshaji waligoma katika mashindano ya Paris–Nice nchini Ufaransa, na chombo hicho kikarudi nyuma. Tarehe 18 Julai 1995, Fabio Casartelli wa Italia, aliyekuwa ametwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki jijini Barcelona mwaka 1992, alianguka kwenye mteremko wa Portet d'Aspet wakati wa Tour de France, kichwa kikiwa wazi, akafa siku hiyohiyo, na bado sheria haikuja. Ilikuja baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka bila helmeti katika Paris–Nice ya Machi 2003 na kufariki siku iliyofuata, kwani kuanzia Mei mwaka huo kila mshindani alitakiwa kuivaa, ingawa hata hapo palibaki ruhusa ya kuivua kwenye mlima wa mwisho, ruhusa ambayo baadaye ilifutwa. Kwa hiyo yule bingwa anayetolewa mfano kwenye mabango amevaa helmeti kwa sababu kanuni inamlazimisha, na kanuni hiyo iliandikwa baada ya mazishi.

Tena, kanuni hiyo haikukomesha vifo. Wouter Weylandt wa Ubelgiji alifariki katika Giro d'Italia mwaka 2011, na Gino Mäder wa Uswisi alifariki mwaka 2023 baada ya kuanguka kwenye mteremko wa Albula nchini mwake, na wote wawili walikuwa na helmeti. Hayo hayathibitishi kwamba helmeti haina kazi. Yanaonyesha kwamba mtu anayeteremka mlima kwa kilomita 80 kwa saa au zaidi yuko nje ya mipaka ya kifaa alichovaa, na ili jambo hilo lieleweke inafaa kutazama jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi.

Sehemu inayookoa katika helmeti si lile ganda la nje linalong'aa, bali ni povu gumu lililo ndani yake, linaloitwa polistirini, ambalo ni jamii ya ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Kichwa kinapogonga lami bila kinga, mwendo wake wote humalizika ndani ya umbali wa milimita chache, na ubongo, ulio ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji, hupokea mshtuko huo kwa mkupuo mmoja. Kikiwa na helmeti, povu hubonyea na kupasuka, na katika kubonyea huko umbali wa kusimama huongezeka hadi kufikia sentimita moja au mbili, kiasi kwamba nguvu inayofika kwenye ubongo hupungua mara kadhaa. Povu likishabonyea halirudi lilivyokuwa, na ndiyo maana helmeti iliyokwisha kupokea pigo moja kubwa hutupwa hata kama kwa nje inaonekana nzima. Kuna pia mapigo ya upande, yanayokizungusha kichwa ghafla na kuuvuta ubongo ndani ya fuvu, na kwa ajili ya hayo wahandisi wa Sweden walibuni tabaka jembamba linaloteleza kati ya kichwa na povu, ambalo leo linapatikana katika helmeti nyingi za bei ya kati na ya juu.

Kiwango cha ubora kinachotumika Ulaya, kiitwacho EN 1078, hutaka helmeti iangushwe juu ya chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, ambao ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha takriban mita 1.5, au karibu kilomita 20 kwa saa. Ukiutazama mwendo huo utaona kwamba haukukusudiwa mtu anayeshuka Alps. Ni kimo cha kichwa cha mtu wa kawaida aliyeketi juu ya baiskeli ya kawaida, ambaye tairi lake la mbele limeingia shimoni naye akapinduka. Kwa maneno mengine, anayesema kwamba helmeti ni ya wanamashindano na haimhusu mwenda sokoni amekosea, kwa sababu helmeti hupimwa kwa anguko la mwenda sokoni, na yeye ndiye anayeweza kutarajia ifanye kazi yote iliyokusudiwa, wakati mwanamashindano hupata humo msaada wa sehemu tu.

Ushahidi wa hospitali unaelekea upande huohuo. Mwaka 2016, watafiti Jake Olivier na Prudence Creighton wa Australia walikusanya pamoja tafiti 40 zilizohusu waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia, wakawalinganisha waliovaa helmeti na wasiovaa, na wakaona kwamba kwa waliovaa uwezekano wa kuumia kichwa ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 51, na ule wa kuumia kichwa vibaya kwa asilimia 69. Takwimu hizo zinahusu watu waliokwisha kuanguka, na haziwezi kueleza nani ataanguka na nani hataanguka. Hata hivyo ni takwimu nzito, na mtu anayependelea kuwa na akili timamu baada ya ajali hana haki ya kuzipuuza.

Zinakuwaje basi kweli hizo, na wakati huohuo Uholanzi, ambako zaidi ya robo ya safari zote hufanywa kwa baiskeli, iwe nchi ambayo karibu hakuna mtu mzima anayevaa helmeti anapokwenda dukani? Mholanzi huyohuyo akivaa nguo za michezo siku ya Jumapili na kupanda baiskeli ya mbio, huvaa helmeti bila kuambiwa, kwa kuwa anaziona hizo kuwa shughuli mbili. Usalama wake wa siku za kazi haukutokana na kichwa kigumu wala na bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara za Uholanzi ziliua watu zaidi ya 3,000 kwa mwaka, wakiwemo mamia ya watoto, na wazazi waliingia mitaani kudai mauaji hayo yakome, madai ambayo, pamoja na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973, yaliisukuma serikali kujenga njia za baiskeli zilizotengwa na magari, kupunguza mwendo wa magari katika makazi na kupanga upya makutano ya barabara. Hata huko kazi haijakwisha, kwani mwaka 2022 waendesha baiskeli 291 walifariki, wengi wao wakiwa wazee, na siku hizi madaktari na serikali wanawahimiza wazee hao, hasa wenye baiskeli za umeme, wavae helmeti.

Australia ilipita njia nyingine. Jimbo la Victoria lilikuwa la kwanza kuifanya helmeti kuwa ya lazima, kuanzia tarehe 1 Julai 1990, na ndani ya mwaka mmoja kiwango cha wanaoivaa kilipanda kutoka asilimia 31 hadi 75. Lakini hesabu zilizofanywa barabarani zilionyesha pia kwamba vijana wanaoendesha baiskeli walipungua sana, na wataalamu wanaendelea kubishana juu ya sehemu gani ya nafuu iliyoonekana hospitalini ilitokana na helmeti, na sehemu gani ilitokana na baiskeli kubaki nyumbani. Kwa afya ya jamii, kijana aliyeacha baiskeli kwa kuogopa faini ni hasara, kwa sababu faida ya mazoezi kwa moyo na mishipa ni kubwa kuliko hatari ya ajali.

Jambo ambalo wapenda mifano ya mabingwa hawalitaji ni kwamba helmeti ndiyo kinga ya mwisho katika mlolongo mrefu wa kinga ambazo mwanamashindano huandaliwa. Mashindano ya dunia ya UCI ya mbio za barabarani yalipofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, barabara yalikopita mashindano zilifungwa, na washindani hawakulazimika kugombea lami na malori wala mabasi. Mbele yao hupita pikipiki za polisi na nyuma yao gari la daktari, kila timu ina fundi anayekagua breki, minyororo na matairi, na kona za hatari huwekewa watu wenye bendera na filimbi. Mwendesha baiskeli wa kila siku anaambiwa aige kimoja tu kati ya vyote hivyo, tena kile ambacho gharama yake inatoka mfukoni mwake, huku vile ambavyo gharama yake ni ya serikali na halmashauri vikiachwa bila kutajwa.

Katika Afrika Mashariki tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu hapa baiskeli ni chombo cha riziki. Baiskeli inayoingia mjini alfajiri imefungwa magunia ya mkaa kwenye keria kwa kamba za mpira, au madumu ya maziwa kila upande, mara nyingi haina taa wala riflekta, na dereva wa lori anayetoka nyuma huiona akiwa amekwisha kuifikia. Helmeti haitamzuia dereva huyo. Taa nyekundu ya nyuma, ambayo bei yake huwa ndogo kuliko ya helmeti, inaweza kumzuia, na upana wa mita moja na nusu uliotengwa pembeni mwa lami ungemzuia zaidi. Lakini hapahapa yuko pia mwendeshaji ambaye kazi yake inakaribia ya mwanamashindano, naye ni yule wa Burundi anayebeba ndizi kutoka Bugarama, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, akateremka nazo hadi Bujumbura kandokando ya Ziwa Tanganyika, na wakati wa kurudi akajishikiza nyuma ya lori ili limvute mlimani. Ikiwa kuna mtu anayestahili kuigwa na kukingwa kama bingwa wa Alps, ni huyo, na yeye hana helmeti, hana fundi wala daktari.

Kulazimisha helmeti kwa sheria katika mazingira hayo kungekuwa kosa. Faini ingemwangukia muuza maziwa kabla ya mtu mwingine yeyote, na polisi wangepata sababu moja zaidi ya kumsimamisha mtu maskini kando ya barabara, jambo lililojitokeza hata Marekani, ambako mamlaka za King County, eneo lenye jiji la Seattle, zilifuta sheria yao ya helmeti mwaka 2022 baada ya kuonekana kwamba iliwaandama zaidi wasio na makazi na watu weusi. Sheria inayoadhibu kichwa kisicho na kofia katika barabara isiyo na njia ya baiskeli imemgeuza aliyegongwa kuwa mkosaji.

Anayeweza kuinunua helmeti basi na aivae, hasa akipita barabara kuu yenye malori, akiteremka milima, akiendesha usiku, au akimpakia mtoto. Ivaliwe ikiwa imelala sawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, na kanda zake zikutane chini ya masikio na kubana kidevuni kiasi cha kuruhusu kidole kimoja kupita, kwa sababu helmeti iliyosukumwa kisogoni huliacha paji wazi wakati ndilo linalotangulia chini mara nyingi. Iliyokwisha kutumika isinunuliwe isipokuwa kama historia yake inajulikana. Mtoto akishuka kwenye baiskeli avuliwe helmeti kabla ya kwenda kupanda miti au bembea, kwani kanda zake zinaweza kunasa na kumkaba shingo. Na siku diwani atakapokuja kuwagawia wanafunzi helmeti mbele ya kamera, wazazi wazipokee kwa shukrani, kisha wamuulize palepale njia ya baiskeli ya kwenda shuleni itajengwa mwaka gani.