Rubani na Nambari Yake: Angani Bwana, Ardhini Yumo Foleni

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla ya kuwa la angani. Wazee wetu wa pwani waliwajua watu wawili chomboni: nahodha, mwenye amri ya jahazi, na rubani, ajuaye mkondo, mwamba na fungu, aongozaye chombo kiingie bandarini kwa salama. Ndege zilipokuja, Waswahili hawakuhangaika kutafuta jina geni. Walilitwaa lile la baharini wakalirusha juu, nalo likakaa huko hadi leo.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya mpwa wangu. Jioni moja tulikuwa tumekaa Mama Ngina, tukitazama meli ikiingia Kilindini polepole, akaniambia: "Mjomba, mimi nataka kuwa rubani, lakini si wa meli. Nataka kurusha ndege kubwa, katika mashirika makubwa ya dunia." Kisha akaniuliza swali lililonifanya nikae kimya: "Ni kweli kwamba rubani hodari kuliko wote ndiye anayefanywa kapteni kwanza?"

Nilimjibu kwamba si kweli. Hakuridhika, na haki yake. Basi makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kila kijana atazamaye juu ndege ipitapo. Nitatoa mfano wa Marekani, kwenye mashirika kama American, Delta na United, kwa kuwa huko ndiko kanuni ya kazi hii ilikokomaa zaidi.

SAA ELFU MOJA NA MIA TANO

Mlango wa kwanza ni saa. Tangu mwaka 2013 sheria ya Marekani yataka rubani wa shirika la abiria, hata yule msaidizi akaaye kiti cha kulia, awe na saa 1,500 za kuruka. Aliyetoka jeshini hupunguziwa hadi saa 750, na aliyesomea urubani chuo kikuu hadi 1,000. Msomaji, saa 1,500 si mchezo. Ukizipanga bila kutua, ni siku 62 na nusu, usiku na mchana, mtu yuko hewani.

Kijana asiye mwanajeshi huzichuma vipi? Kwanza hulipa. Gharama ya mafunzo huko yaweza kupita dola 100,000, na wengi huikopa. Kisha aghalabu huwa mwalimu: huwafundisha wanafunzi wengine katika vindege vidogo vya injini moja, wakizunguka uwanja ule ule mchana kutwa, huku yeye akiandika saa zake katika daftari. Zikitimia huingia shirika dogo la mikoani, lirushalo ndege za abiria 50 au 70 kwa niaba ya shirika kubwa. Huko hutumikia miaka, akingoja barua ya wakubwa.

Sheria hii ilizaliwa na msiba. Ulikuwa usiku wa tarehe 12 Februari 2009, karibu na mji wa Buffalo, ndege ya shirika dogo liitwalo Colgan Air ilipoanguka juu ya nyumba. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba hiyo. Tiketi za abiria zilikuwa na jina la shirika kubwa, Continental, wala wengi wao hawakujua kwamba warushaji walikuwa watu wa shirika jingine. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilipopungukiwa mwendo na usukani kuanza kutetemeka kwa kuonya, kapteni aliuvuta badala ya kuusukuma mbele. Ilijulikana pia kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili awahi kazini.

Jamaa za waliokufa walipiga kambi katika milango ya wabunge mpaka sheria ikapitishwa mwaka 2010. Lakini jambo moja lafaa kukumbukwa: marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamekwisha kuzipita saa 1,500. Saa humfungulia mtu mlango; hazimpi moyo wa utulivu siku ya hatari.

TAREHE YA KUINGIA

Sasa tuje kwenye kiini cha swali la mpwa wangu. Siku rubani aingiapo shirika kubwa hupewa nambari. Aliyeingia jana yuko mbele yake, atakayeingia kesho yuko nyuma. Hata wale walioingia siku moja hupangwa, katika mashirika mengine kwa umri, ili wasiwepo wawili walio sawa. Orodha hiyo ndiyo itakayomtawala mpaka siku ya kustaafu.

Nambari huamua ataishi karibu na uwanja upi, atarusha ndege ipi, ataruka mchana au usiku, atapata likizo mwezi wa jua au mwezi wa theluji, na kama siku ya sikukuu atakuwa na wanawe au katika hoteli ya ugenini. Kila mwezi marubani huandika maombi ya safari wazitakazo. Mwenye nambari ndogo huchagua kwanza, kisha anayemfuata, hadi wa mwisho apate makombo. Wageni wa mkiani hawapati hata ratiba. Huwekwa akiba, simu mkononi, wakingoja kuitwa kushika nafasi ya aliyeugua.

Ukapteni nao ni hivyo hivyo. Kwetu sisi mkono wa kulia ndio wenye heshima. Ndani ya ndege mambo yamegeuka: mkubwa hukaa kushoto, na mistari minne begani, naye msaidizi hukaa kulia na mistari mitatu. Kuhama kutoka kiti kimoja hadi kingine ni hatua moja ya mguu, lakini yaweza kuchukua miaka kumi na zaidi. Mtihani hana budi kuupasi, tena si mmoja. Hata hivyo hauruhusiwi kufika kwenye mtihani huo kabla ya zamu ya nambari yako.

Nilipokuwa mtoto chuoni, mwalimu wetu hakuwa na orodha ya namna hiyo. Aliyeihifadhi juzuu alisonga mbele, hata kama aliletwa jana, na aliyezembea alibaki papo hapo akitazama migongo ya wadogo zake. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kanuni ya marubani huonekana dhuluma tupu. Nami niliidhania hivyo, mpaka nilipojua ilikotoka.

KISA CHA UKUNGU

Mwezi Julai 1919, ndege zikiwa bado za mbao na kitambaa, posta ya Marekani ilikuwa na marubani wake wa kubeba barua. Siku moja ukungu ulifunga, na marubani wawili wakakataa kuruka. Wakafukuzwa kazi. Wenzao waligoma, wakasema kwamba aliye chini, mezani, hana haki ya kumwamuru aliye ndani ya ukungu.

Hapo ndipo penye siri ya mambo. Rubani ambaye cheo chake kimo mkononi mwa bwana mkubwa, atasemaje "la" bwana huyo atakapotaka ndege iondoke? Ataitazama mvua, atamtazama bwana, kisha ataruka. Mwaka 1931 marubani wa mashirika ya Marekani waliunda chama chao, na mwaka 1939 chama hicho kikatia sahihi mkataba wake wa kwanza, na shirika la American. Katika mikataba ya namna hiyo, nambari ya kuingia ikawa ndiyo ngome. Mkubwa hawezi kumpandisha kipenzi chake, wala kumshusha aliyemkera. Kapteni akisema ndege hii haiondoki, kesho atarudi kazini akiwa na nambari ile ile.

Kwa hiyo abiria alalaye usingizi kitini asiye na habari na orodha hiyo, anafaidi matunda yake. Hodari hucheleweshwa ili mwoga wa haki asiadhibiwe. Hiyo ndiyo bei, na marubani wamekubali kuilipa.

Lakini ngome huwalinda walio ndani tu. Mwaka 1957 Marlon Green, Mmarekani mweusi aliyekuwa rubani wa jeshi la anga, aliomba kazi katika shirika la Continental. Mahali pa kutaja rangi yake hakuandika kitu. Walipomwona, walichukuliwa wengine wenye saa chache kuliko zake. Alishtaki, na kesi ikapanda mahakama hadi mahakama, mpaka tarehe 22 Aprili 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipompa haki. Alianza kazi mwaka 1965, akastaafu 1978. Kati ya kubisha hodi na kufunguliwa mlango ilipita miaka minane. Na katika kazi ihesabuyo kila siku ya kuingia, miaka minane ni umri wa mtu. Wanawake nao walisubiri vivyo hivyo. Emily Howell Warner alichukuliwa na shirika la Frontier mwaka 1973, akiwa amekwisha kuwafundisha urubani wanaume waliotangulia kuajiriwa.

NAMBARI IKIFA

Nambari ina ubaya mwingine: haihamishiki. Rubani wa miaka 25 akienda shirika jingine huanzia mkiani, kiti cha kulia, mshahara wa mgeni, nyuma ya vijana awezao kuwazaa. Ndiyo maana rubani huliolea shirika lake kwa heri na kwa shari.

Na shirika likifa? Mwaka 1991 uliwaonyesha. Tarehe 18 Januari Eastern ilikoma kuruka. Tarehe 4 Desemba ikafuata Pan Am, jina lililokuwa likijulikana kila bandari ya dunia. Walikuwapo makapteni wenye mvi waliolala na nambari wakaamka hawana. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, maelfu waliachishwa kazi kwa muda, wa mwisho kuingia wakiwa wa kwanza kutoka. Wengine walikaa miaka kabla ya kuitwa tena.

Hata habari njema kwa mmoja huwa msiba kwa mwenziwe. Umri wa kustaafu ulikuwa miaka 60. Desemba 2007 ukapandishwa hadi 65. Wazee walishangilia, vijana wakakwama pale pale kwa miaka mitano, kwani foleni hii husogea mzee atokapo. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020 mambo yakageuka: mashirika yaliwalipa wazee wastaafu mapema, kisha abiria waliporudi, marubani hawakutosha. Machi 2023 marubani wa Delta walipata mkataba wa kuongezwa mishahara kwa asilimia 34 katika miaka minne. Aliyeingia wakati huo alikuta mlango wazi. Aliyeingia Agosti 2001 alikuta moto. Uhodari wao ni ule ule, tofauti ni tarehe.

MAISHA YENYEWE

Watu huyaona mavazi na kofia. Hawaoni kwamba wengi wa marubani hao hawakai mji waanzia kazi, bali husafiri kwanza kama abiria ili waifikie ndege yao, na hulala wanane au kumi katika nyumba ya kupanga karibu na uwanja. Hawaoni kwamba kwa desturi ya huko saa za malipo huanza kuhesabiwa ndege iachapo maegesho. Ukikaa saa tatu ukumbini ukingoja dhoruba ipite, saa hizo aghalabu ni sadaka. Sheria haimruhusu kupita saa 1,000 za kuruka kwa mwaka, na yataka apumzike saa 10 kabla ya zamu. Akishapita miaka 40 hupimwa na daktari kila miezi sita, na mara kwa mara huingizwa katika mtambo wa kuigiza urukaji, azimiwe injini, awashiwe moto, aonekane atafanyaje. Ni kazi gani nyingine ambayo mtu hutahiniwa mpaka mvi, na moyo ukidunda vibaya siku moja tu, mkate wake umekwisha?

Sisi huku si wageni wa mambo haya. East African Airways, iliyoanza mwaka 1946, ilivunjika mwaka 1977, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo. Na kungoja zamu kuna matunda yake: Irene Koki Mutungi, aliyeingia Kenya Airways miaka ya tisini akiwa mwanamke pekee miongoni mwa marubani wake, mwaka 2014 alikuwa kapteni wa Boeing 787, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufikia hapo.

Nilipomsimulia mpwa wangu haya yote, alinyamaza kitambo. Meli ilikwisha kupita, na mashua ya rubani wa bandari ilikuwa ikirudi peke yake. "Basi mjomba," akasema, "la muhimu ni kuwahi foleni." Nikamwambia la muhimu ni mawili: kuwahi foleni, na kukumbuka foleni iliwekwa kwa nini. Maana siku ukungu utakapofunga, naye atakuwa na mistari minne begani, nambari hiyo ndiyo itakayompa ulimi wa kusema "siruki". Kisha nikamwandikia ubeti huu auweke mfukoni:

Rubani ukimuona, juu akenda hewani,
Usidhani yeye bwana, hakuna wa kumuhini,
Ameandikiwa jina, foleni ya duniani,
Mabawa yako angani, zamu yake iko chini.