Maria na Wafu Wasiohesabiwa (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi kimbunga Maria kilivyoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017 na kuzima umeme kisiwa kizima. Leo tuipime kazi ya serikali kwa hesabu ya vifo. Kwa miezi mingi idadi rasmi ilikwama kwenye watu 64. Madaktari wengi hawakuwa wameelekezwa namna ya kuandika kwenye cheti kwamba kifo kimetokana na maafa, hivyo mgonjwa wa figo aliyekosa huduma ya kusafishwa damu, au mzee aliyetegemea mashine ya oksijeni, aliweza kuandikwa kuwa amekufa kwa maradhi yake tu. Agosti 2018, uchunguzi wa Chuo Kikuu cha George Washington, ulioagizwa na serikali ya kisiwa yenyewe, ulikadiria vifo 2,975 hadi Februari ya mwaka huo. Upepo huua kwa siku moja au mbili. Anayekufa Desemba kwa kukosa umeme ameuawa na uzembe na ucheleweshaji. Hesabu ndogo ilikipima kimbunga, ikaiacha serikali bila kupimwa. Tena iliwapa wakubwa cha kujivunia: Rais Trump alipozuru tarehe 3 Oktoba aliwasifu wenyeji kwa vifo 16 tu vilivyokuwa vimethibitishwa hadi hapo, akilinganisha na maelfu aliosema waliuawa na kimbunga Katrina.

Watetezi husema Puerto Rico ni kisiwa, malori hayafiki, na shirika lake la umeme lilikuwa limeshafilisika. Yote ni kweli, na yote yalijulikana kabla. Hata ghala la FEMA, idara ya maafa ya Marekani, lilikuwa limetoa sehemu kubwa ya akiba yake wiki mbili kabla ya Maria kwa ajili ya kimbunga Irma, likabaki bila turubai. Ripoti ya FEMA yenyewe ya 2018 ilikiri hivyo. Wengine hudai 2,975 ni makisio yasiyo na majina. Ni makisio, naam, lakini yametokana na daftari la vifo likilinganishwa na miaka iliyotangulia, huku wakazi waliohama wakizingatiwa. Anayeyakataa atuambie watu hao walikufa kwa nini.

Wakazi wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, ila kisiwani hawampigii kura rais, hivyo hawawezi kumwajibisha kwa kura. Sehemu ijayo itahusu zabuni za chakula na umeme.