Wakili aliyezaliwa Waterloo, akafia Unguja

Anayetafuta nasaba ya wakili wa Kiingereza wa zama za Malkia Victoria kwa kawaida hana kazi kubwa. Mawakili wale wengi wao walikuwa watoto wa wenye nacho, na kila hatua yao iliandikwa mahali: daftari la ubatizo, la chuo kikuu, la chama cha mawakili, na mwisho wasia. Sisi tumemfuatilia mmoja ambaye habari zake zinaanzia Afrika Magharibi na kuishia kwetu Zanzibar.

Huyo ni Christian Frederick Cole, anayetajwa kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya uwakili katika mahakama za Uingereza. Alizaliwa mwaka 1852 huko Waterloo, karibu na Freetown, Sierra Leone. Babu yake alikuwa mtumwa, naye mwenyewe alilelewa na mchungaji wa Kianglikana, James Cole.

Hapo mtafutaji anakutana na kikwazo cha kwanza: jina la Cole ni la mlezi. Ukilifuata unafuata ukoo wa mwingine. Waterloo ilikuwa miongoni mwa vijiji walivyowekwa watu waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa. Makarani wa Freetown waliwaandika katika madaftari: jina, umri, urefu, alama za mwilini. Kwa wajukuu wengi wa watu wale, nyuma ya mstari huo mmoja hakuna karatasi nyingine.

Mwaka 1873 Cole aliingia Oxford. Alikuwa akifundisha wenzake na kutoa masomo ya muziki ili apate fedha za kujikimu, na mwaka 1876 alipata shahada yake. Baadaye alipokewa University College. Wachoraji wa vibonzo wa pale chuoni walimchora kwa kejeli. Ndivyo ilivyo, wapenzi wasomaji: aliyedharauliwa mara nyingine huhifadhiwa na karatasi ya aliyemdharau.

Kisha kuna sensa. Uingereza hufungua majina ya sensa baada ya miaka 100, na ile ya mwaka 1881 inaweza kusomwa na yeyote. Inaeleza jina, umri, kazi na mahali mtu alipozaliwa. Rangi haikuulizwa, na haikuulizwa hadi sensa ya mwaka 1991. Kwa hiyo anayewatafuta watu weusi wa zama zile hana budi kutazama safu ya mahali pa kuzaliwa, na hata hapo awe na hadhari, kwani watoto wa Wazungu nao walizaliwa Afrika.

Jina pia laweza kufichwa na mwenyewe. Mwaka 1879 Cole alitoa kitabu cha mashairi kuhusu vita vya Wazulu. Kwenye jalada hakuweka jina lake. Alijiita tu mtu mweusi mwenye shahada ya Oxford na mwanachama wa Inner Temple, chama cha mawakili cha London. Anayetafuta kwa jina pekee atakipita kitabu hicho bila kujua.

Mwaka 1883 Inner Temple ilimpokea rasmi kuwa wakili. Muda si mrefu akaja Unguja kufanya kazi hiyo. Ilikuwa enzi ya Sultan Barghash, na ubalozi wa Uingereza ulikuwa na mahakama yake iliyosikiliza mashauri ya raia wa Kiingereza, wakiwemo wafanyabiashara wa Kihindi. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, mwaka uleule alioingia Oxford, na pale Mkunazini kanisa lilikuwa limekwisha kusimama. Mjukuu wa mtumwa alifika mji huo akiwa mwanasheria. Ndui ilimuua hukohuko mwaka 1885, akiwa na miaka 33.

Oxford ilimwekea kibao cha ukumbusho mwaka 2017, miaka 132 baada ya kifo chake. Tunafurahi. Lakini pia tunajiuliza ni watoto wangapi wa Unguja wamewahi kufundishwa jina lake, ilhali ardhi yetu ndiyo iliyompokea.

Sisi tulio ughaibuni tunalo la kujifunza. Karatasi zetu nyingi leo ziko katika ofisi za uhamiaji za watu wengine, zikiwa na majina yaliyokosewa herufi, na wengi wetu tumeandikwa kuwa tumezaliwa tarehe 1 Januari. Mjukuu atakayetutafuta ataanzia hapo, na atapotea kama hatukumwachia kitu.

Basi ndugu msomaji, uwe Muscat, London au Toronto, mpigie simu bibi leo. Muulize jina la mama yake, na la mama wa mama yake, na kijiji walikotoka. Andika kwa mkono wako, kabla karani hajakuandikia.