SHULE ZA WAHINDI NA WATOTO WA KUSINI

Apitaye Mikindani leo huziona nyumba za ghorofa zenye milango ya nakshi na roshani za mbao, baadhi zimetengenezwa upya, baadhi zimebaki kuta tupu zilizoota miti ndani yake. Ukiuliza ni za nani, utaelezwa habari za Wahindi waliofanya biashara humo: pembe, sandarusi, mpira, na baadaye katani. Lakini duka ni nusu tu ya habari hiyo. Nusu ya pili ni darasa, na hiyo ndiyo tutakayo kuizungumza leo na wasomaji wetu, hasa wale wa Mtwara, Newala, Tandahimba na vijiji vya mdomo wa Ruvuma, ambao kila mwaka msimu wa korosho ukifika hupokea fedha, na msimu ukiisha hujiuliza zimefanya nini.

Katika miji ya Tanganyika, mikubwa kwa midogo, Wahindi hawakungoja Serikali iwajengee shule. Kila jumuiya, iwe ya Waismailia, ya Wahindu, ya Waithnaasheri au ya Mabohora, ilijichangisha, ikapata chumba, ikaandika barua kwao Gujarat au Kutch kumtafuta mwalimu. Serikali ya Waingereza ilianza kutoa ruzuku mwishoni mwa miaka ya 1920, na baadaye ikawekwa kodi maalumu ya elimu juu ya wasio Waafrika. Lakini mwanzo wa jambo lenyewe ulikuwa mfuko wa wazazi. Halmashauri ya shule ilikuwa ya wenye maduka wenyewe. Na katika mji wenye maduka ishirini, mtoto asiyekwenda shule hawezi kufichika. Babaye ataulizwa habari zake jioni ile ile, barazani.

Watoto walijifunza kwanza kwa Kigujarati, na Kiingereza kikafuata. Walicheza kriketi, wakavaa sare za skauti, na waliofika mwisho wa shule ya sekondari walifanya mtihani wa Cambridge uliosahihishwa Uingereza, sawa na watoto wa makoloni mengine. Masomo yakiisha, wengi wao walirudi nyuma ya kaunta ya baba, wakapima sukari, wakakata kitambaa, wakarudisha chenji, na usiku wakaandika daftari la mali na madeni. Tukisema, basi, kwamba mtoto wa Kihindi aliweza hesabu, tusidhani kwamba alizaliwa nazo. Alizifanya asubuhi kwa chaki na jioni kwa mizani. Mtoto yeyote afanyiwaye hivyo ataziweza, awe wa Bombay au wa Kitangari.

Matunda yalionekana. Amir Jamal, aliyesoma shule za nchi hii kisha akaenda Chuo Kikuu cha Calcutta, alirudi akashirikiana na wapigania Uhuru, akawa Waziri wa Fedha wa Tanzania tangu mwaka 1965, na akaishika kazi hiyo kwa vipindi kadhaa. Wengi waliomjua humsifu kwa jambo moja: alizijua shilingi za taifa kama mwenye duka azijuavyo zake. Al Noor Kassum, aliyewahi kusimamia shule za Aga Khan katika Tanganyika, aliingia Serikalini baada ya Uhuru, na kuanzia mwaka 1977 hadi 1990 alikuwa waziri mwenye dhamana ya nishati na madini. Watu wa Msimbati wana sababu ya kulikumbuka jina hilo, maana gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, yeye akiwa waziri. Na yuko M. G. Vassanji, aliyesoma shule za Aga Khan mjini Dar es Salaam, akaenda Marekani kusomea fizikia mpaka akapata udaktari, kisha akaigeukia kalamu. Riwaya zake zimesimulia maisha ya maduka hayo hayo na madarasa hayo hayo, naye alipata tuzo ya Giller ya Canada mara mbili, mwaka 1994 na mwaka 2003.

Hata hivyo hatutakuwa waaminifu kwa msomaji tukiishia katika sifa. Shule hizo zilikuwa na mlango, na mlango huo haukufunguliwa kwa kila mtoto. Chini ya Waingereza elimu ya Tanganyika iligawanywa mafungu matatu kwa rangi: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, kila moja na majengo yake, walimu wake na mitihani yake. Mtoto wa Mwafrika alikutana na mtihani wa kuchujwa alipofika darasa la nne, na wachache waliopita walikutana na mwingine darasa la nane. Huku kusini kazi ya kumfundisha ilikuwa imeachiwa misheni kwa kiasi kikubwa: Waingereza wa UMCA waliofika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini walioweka makao Ndanda mwaka 1906. Sisi tuliopita mikononi mwa misheni hatuwezi kuzibeza. Lakini twajua pia madawati yalikuwa mangapi na watoto walikuwa wangapi.

Tazameni hesabu moja tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, fedha zilizotokana na mali ya Wajerumani iliyotaifishwa zilitengwa kwa ajili ya elimu, zikagawanywa mafungu matatu yaliyolingana, fungu moja kwa kila rangi. Masikioni mgawo huo wasikika kuwa wa haki. Lakini sensa ya mwaka 1957 ilionyesha Wazungu kiasi cha 20,000, Waasia chini ya 80,000, na Waafrika zaidi ya milioni nane na nusu. Mwenye kugawanya na agawanye: kwa kila shilingi iliyomwangukia Mwafrika, Mwasia aliangukiwa na shilingi zaidi ya mia moja, na Mzungu zaidi ya mia nne. Usawa wa namna hiyo ulihitaji mtu aliyesoma sana ili kuubuni.

Tarehe 1 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, mafungu hayo yalivunjwa na shule zote zikawa chini ya utaratibu mmoja. Mlango ulifunguliwa, ingawa ada ilibaki kizingitini, mpaka ada za sekondari zilipofutwa mwaka 1964. Mwaka 1969 sheria mpya ya elimu iliziweka shule nyingi za mashirika na jumuiya mikononi mwa Serikali. Leo Azania na Jangwani za Dar es Salaam ni majina yanayojulikana kwa kila mzazi wa Kitanzania, na wengi hawajui kwamba ya kwanza ilikuwa ya wavulana wa Kihindi na ya pili ya wasichana wao. Na Tambaza ilikuwa ya wavulana ya Aga Khan. Haya yalikuwa matendo ya haki, na hatuoni sababu ya kuyaombea radhi.

Lakini liko kosa tulisikialo mara nyingi katika mazungumzo ya vijiweni, nalo ni kusema kwamba Wahindi walisoma kwa kuwa walipendelewa, basi, na maneno yakaishia hapo. Upendeleo ulikuwapo, tumekwisha kuuhesabu. Lakini upendeleo haumwamshi mtoto alfajiri. Upendeleo hauandiki barua ya kumtafuta mwalimu wa hesabu ng'ambo ya bahari, wala haumpi nyumba akifika. Wakoloni wamekwenda, rangi haimzuii mtu tena, ada zimeondolewa kwa shule za msingi, kwa sekondari mpaka kidato cha nne tangu 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita tangu 2022. Na bado kwa miaka mingi watahiniwa wa kidato cha nne wanaofaulu Hisabati nchini hawafiki thuluthi moja. Nani amelaumiwe sasa? Gavana?

Juu ya wasichana yafaa tukawie kidogo. Aga Khan wa Tatu aliwaambia wafuasi wake kwamba mzazi mwenye mtoto wa kiume na wa kike, akiwa na uwezo wa kumsomesha mmoja tu, amsomeshe wa kike. Hawakumfuata wote mara moja, maana watu ni watu. Lakini neno lilikaa, na shule za wasichana zikajengwa mpaka ikawa aibu katika jumuiya hiyo binti kukaa nyumbani. Sasa tutazame kwetu. Unyago ni mali yetu, na hatumo miongoni mwa wale wanaotaka ufutwe. Mafunzo yake ya heshima na ya nyumba yana thamani. Lakini binti anayetolewa ndani na kurudi shuleni akijiona amekwisha kuwa mke wa mtu, au asiyerudi kabisa, amepotezewa kitu ambacho ngoma haiwezi kumrudishia. Kungwi na mwalimu mkuu wanaishi kijiji kimoja. Washindwe kukaa pamoja wakapanga siku zisizoingilia masomo? Na yule aliyejifungua kabla ya kumaliza, Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 umemruhusu kurudi darasani. Kilichobaki ni mamaye kukubali kumlea mjukuu.

Liko pia jambo la shilingi kwa shilingi. Mwaka 1945 Aga Khan huyo huyo alianzisha jumuiya ya kuwasaidia Waislamu wa Afrika Mashariki, akaweka sharti kwamba kwa kila shilingi watakayoichanga wenyewe kwa ajili ya shule au msikiti, yeye ataongeza nyingine. Jumuiya hiyo ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1968 katika mizozo ambayo si mada yetu ya leo. Hilo sharti ndilo tunalolitazama. Halikumtaka mtu awe tajiri. Lilimtaka atangulie kutoa.

Na sasa Wahindi wamekuja tena na shule, safari hii kwa mkataba wa serikali kwa serikali. Mwaka 2023 Chuo cha Teknolojia cha India cha Madras, kimoja cha vile viitwavyo IIT, kilifungua tawi Zanzibar, pale Bweleo, nalo likawa la kwanza kwa vyuo hivyo nje ya India. Aliyekabidhiwa kuliongoza ni mwanamke, Profesa Preeti Aghalayam, wa kwanza kushika uongozi wa namna hiyo katika IIT yoyote. Hufundishwa humo sayansi ya data na akili mnemba. Watanzania wamo, wa Bara na wa Visiwani, pamoja na vijana wa India na wa nchi nyingine. Mlango wa Bweleo hauulizi rangi. Huuliza hisabati kwanza, kwa mtihani na kwa usaili, kisha huuliza ada, ambayo huhesabiwa kwa maelfu ya dola.

Mwana wa Mahuta atafikaje hapo? Korosho za babaye hufika India bila shida yoyote: hupimwa, huuzwa mnadani, hupakiwa zikiwa ghafi, nyingi zikaishia Vietnam au katika viwanda vya India, hasa vya Kollam, ambako akina mama wa huko hupata kazi ya kuzibangua. Korosho zinajua njia. Ni mtoto asiyeonyeshwa.

Twapendekeza jambo dogo, tena la hesabu. Katika minada ya kwanza ya Oktoba 2024 kilo moja ya korosho ilipita shilingi 4,000. Wanachama wa chama cha msingi wakikubaliana wenyewe, kwa kura, kukata shilingi kumi tu katika kila kilo, mwenye kilo elfu moja atatoa shilingi elfu kumi, nayo ni bei ya kilo mbili na nusu. Chama kinachouza tani elfu moja kitakuwa na shilingi milioni kumi. Ushuru wa halmashauri ni jambo jingine, na una kazi zake; hizi zingekuwa fedha za wazazi, chini ya kamati ya wazazi, na daftari lake libandikwe ukutani ghalani kila mtu alisome. Milioni kumi haziwezi kumpeleka mtoto Bweleo. Zaweza kumpa nyumba mwalimu mmoja wa hisabati anayeikimbia shule ya kijiji kwa kukosa pa kulala, na zaweza kumlipa azidishe vipindi jioni kwa watoto wa darasa la saba na kidato cha pili. Mwaka wa tatu au wa nne, atakapopatikana kijana mmoja aliyefaulu sana, kamati itakuwa na sauti ya kuandika barua ya kumwombea msaada, maana itakuwa na cha kuonyesha.

Twajua pingamizi litakalotolewa. Watu watasema makato ya korosho yamekwisha kuwa mengi, na kwamba fedha zikishaingia mfukoni mwa kamati hazitoki. Pingamizi hilo ni la kweli, na viongozi wa vyama vya ushirika ndio waliolilea kwa matendo yao. Dawa yake ni ile ile ya wenye maduka wa zamani: mtunza fedha awe mtu ambaye mtoto wake mwenyewe anasoma shule hiyo, na mahesabu yasomwe mbele ya wazazi kila mwisho wa mwezi, si kila mwisho wa mwaka. Minada huanza Oktoba. Mkutano wa wanachama ufanyike kabla ya hapo, na jambo hili liandikwe katika ajenda juu ya posho za viongozi, si chini yake.