Mkanda wa rali haufungwi sakafuni

Leo tuongelee siti za rali. Kuna watu wanaweka baketi mpyaa, halafu mikanda ya mabega wanaishusha moja kwa moja mpaka sakafuni, nyuma ya siti. Kwenye picha inapendeza. Jamani, hiyo ni hatari!

Gari likigonga, mwili wako unarushwa mbele na mkanda unakuzuia. Sasa kama umefungwa chini, unakuvuta mabega kwenda chini, uti wa mgongo unabanwa kama kopo lililokanyagwa. Kanuni za FIA, ndio hao wanaosimamia WRC iliyorudi Naivasha mwaka 2021, zinasema mkanda ukitoka juu ya mgongo wa siti usishuke zaidi ya nyuzi 45. Wanashauri usizidi hata 10. Ndio maana magari ya rali yana bomba linalokatiza nyuma ya siti, mikanda inazungushiwa pale.

Halafu sakafu yenyewe ni bati tu. Bolti peke yake inalichana na kuchomoka. Kila tundu jipya la mkanda liwekewe bamba la chuma, unene milimita 3, eneo sentimita 40 za mraba. Siti nayo ikae kwenye bolti 4, za milimita 8 au zaidi.

Mkanda wa katikati ya miguu msiukate eti unabana! Bila huo, ule wa kiunoni unapanda tumboni nawe unateleza chini yake.

Kwa gari la mtaani lisilo na keji, mimi ningeacha mkanda wa kiwandani. Likibiruka na paa likabonyea, baketi na mikanda vinakushikilia wima, huna pa kuinamia.